Mwalimu Dasta na Barua Aliyoitia Sahihi

Marehemu hakuwahi kuingia mahali alipo mtoto bila kubisha hodi. Uwe mlango wa chumba, wa darasa, au pazia tu lililotundikwa kwenye kamba, alisimama nje, akasema hodi, akangoja. Mtoto asipoitika, hakuingia. Siku moja alingoja kibarazani kwetu karibu robo saa, mkoba begani, kwa sababu ndani alikuwamo mtoto wa miaka mitatu aliyenuna na hakutaka kusema karibu. Waliopita wakamwuliza kama amefungiwa nje. Akajibu kwamba la, mwenye chumba hajawa tayari. Walicheka. Wengi wenu mlicheka, na tangu juzi nimewasikia baadhi yenu mkiisimulia habari hiyo hapa msibani kama kichekesho.

Kamati ya mazishi iliniomba niandike wasifu mfupi usiomkwaza mtu. Nimejitahidi uwe mfupi.

Marehemu, mdogo wake mama yangu, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa nne kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa karani wa mizani hapo kiwandani, na mama yake alishona sare za wafanyakazi. Watoto wa nyumba ile walisifiwa mtaa mzima. Mgeni alifika, akawakuta sita kwenye mkeka mmoja, hakuna hata anayekohoa, akaondoka akisema hawa wamelelewa. Mama Mdogo aliwahi kunieleza malezi yenyewe: aliyelia aliambiwa anyamaze kabla hajapewa cha kulilia, na aliyeuliza jambo aliambiwa ana mdomo. Basi wakanyamaza. Wakakua, wakawa watu wazima wasioweza kumwambia mtu "umeniumiza" mpaka kwanza wavunje sahani. Mtaa uliendelea kuwasifu.

Alianza shule Januari 1960. Akiwa darasa la tatu, tufe la dunia lililokaa juu ya kabati la darasa lao lilikutwa limepasuka. Mwalimu aliuliza, hakuna aliyejibu, na kwa kuwa dawati la marehemu lilikuwa karibu zaidi na kabati, kosa likawa lake. Alipigishwa magoti mbele ya darasa kila asubuhi kwa wiki nzima. Aliyelivunja alikuwa kaka yake wa darasa la nne, aliyeingia wakati wa mapumziko akalicheza mpira. Kaka huyo ni mjomba wangu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na sikumwomba ruhusa ya kulitaja hili. Marehemu mwenyewe hakumwekea kinyongo. Alichokumbuka si magoti. Alisema, "Sentensi nzima nilikuwa nayo kichwani. Haikuwa na pa kutokea."

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akaingia chuo cha ualimu mwaka uliofuata, na Novemba 1972 akapata cheti chake. Chuoni walifundishwa hatua sita za kulinyamazisha darasa. Alizinakili kwa mwandiko mzuri sana, akazijibu kwenye mtihani, akafaulu, na hakuzitumia hata siku moja.

Januari 1973 aliripoti kazini katika shule ya msingi iliyo mkabala na ghala la mbao, na hapo hapo ndipo alipostaafu, miaka thelathini na tisa baadaye. Alipewa darasa la kwanza na la pili, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyewataka wale wadogo. Darasani kwake ubao ulifutwa kwa madasta ya kitambaa, aliyoyashona mwenyewe kwa mabaki ya mapazia. Mtoto akipandwa na hasira, au akianza kulia hata kamasi zinamtoka, hakuambiwa anyamaze. Alipewa dasta moja na kipande cha sabuni, aende kwenye bomba la uani akalifue mpaka maji yatoke meupe. Kulia aliruhusiwa. Kunung'unika aliruhusiwa. Kulikamua dasta kwa nguvu zote aliruhusiwa zaidi. Marehemu alieleza kwamba mtoto mwenye hasira hana maneno, ana mikono tu. Acha mikono ifanye kazi kwanza.

Akishalianika dasta, mtoto alirudi kwa yule aliyemkosea, akamtazama, akamwambia mambo matatu: kilichotokea, alivyojisikia, na anachotaka. Bila tusi, bila kelele, bila kutazama chini. Walifanya mazoezi wawili wawili, kama wanavyokariri majedwali. Nilikaa darasani kwake mwaka 1987, na nilisikia kwa masikio yangu watoto wawili wa miaka saba wakizungumza kando ya kamba ya madasta.

"Kifutio changu unacho tangu jana," alisema wa kwanza. "Nimekasirika. Nakitaka, halafu nataka nisikuone mpaka kengele ilie."

"Chukua. Na mimi sikupendi leo."

"Leo tu?"

"Leo tu."

Marehemu alisema kwamba hajawahi kuhudhuria kikao cha watu wazima kilichokwenda vizuri kama kile. Walimu wenzake waliliita darasa lake dobi, na yeye wakampachika jina la Mwalimu Dasta. Walilisema wakidhani wanamkebehi. Yeye aliliandika kwenye jalada la daftari lake la maandalio.

Tarehe 17 Desemba 1977 aliolewa na fundi saa aliyekuwa na kibanda cha bati na kioo kwenye kona ya soko. Mwezi wa pili wa ndoa, fundi alikasirishwa na jambo ambalo hakuna aliyekuja kulikumbuka, akaubamiza mlango mpaka kitasa kikang'oka. Mkewe alimletea karai, sabuni na lundo la madasta ya shule. Fundi alisimama akaangalia karai, akamwangalia mkewe, akakunja mikono ya shati. Baada ya hapo hakuhitaji kuletewa. Akiona damu inachemka alijiendea uani mwenyewe. Majirani walimsifu sana kwa kumsaidia mke kazi za nyumbani. Wanawake wa mtaa waliwaonyesha waume zao mfano. Kumbe mtu ana hasira tu.

Hawakujaliwa mtoto. Mimi niliishi kwao tangu nikiwa na miaka sita hadi kumi na tano, baada ya mama yangu kuugua, na nilikuwa nikisikia maneno yaliyotupwa kupitia dirishani na kwenye sherehe: asiyezaa anajua nini habari za watoto. Walioyasema walikuwa na watoto wanane, na hawakujua hata mmoja wao anaogopa nini. Fundi alifariki mwaka 2009, akiwa ameketi kibandani, kioo cha kukuzia bado kimebana jichoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ilipendekeza liandikwe kwa sentensi moja, yaani kwamba marehemu "alifanya kazi kwa bidii katika vitengo mbalimbali vya shule." Vitengo vilikuwa viwili, darasa na stoo. Alitolewa darasani akapelekwa stoo, na kwa miaka ishirini na mitano ndugu na wenzake wamesema alipelekwa kwa utovu wa nidhamu, na kwamba alikiri mwenyewe kwa barua. Barua ipo. Jina lake limechafuliwa kwayo mpaka hapa kaburini, na hapa kaburini ndipo litasafishwa, kwa kuwa sina mahali pengine.

Mwaka 1994 shule ilipata mwalimu mkuu mpya. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alileta ubunifu wake: kibao cha mbao chenye kamba, kilichoandikwa kwa rangi nyekundu MIMI NI MZIGO WA DARASA. Kila Jumatatu alivishwa mtoto aliyepata alama za chini zaidi katika jaribio la hesabu, akakivaa shingoni hadi Ijumaa, darasani, uwanjani na msalani. Wazazi walikipenda. Wakaguzi walikisifu. Hakuna mtu mzima aliyekiona akajiuliza mtoto huyo anawaza nini akiwa msalani na kibao shingoni, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye tunayemzika. Alikwenda ofisini kwa mkuu mara nne. Mara ya nne aliambiwa kwamba watoto hawana aibu, wana uvivu.

Ijumaa tarehe 23 Oktoba 1998 ilikuwa siku ya wazazi. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi, na mgeni rasmi mwenye soda na mrija mezani. Wiki hiyo kibao kilikuwa kwa msichana wa miaka minane, binti wa msafishaji wa shule, aliyefundishwa na Mama Mdogo miaka miwili. Alikuwa ameagizwa akae nyuma, asionekane. Kwaya ilipomaliza, alipita katikati ya viti mpaka meza kuu, akakivua kibao, akakiweka karibu na soda ya mgeni, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Nimevaa hiki tangu Jumatatu," alisema. "Naona aibu mpaka tumbo linauma. Sitaki kukivaa tena."

Aliyasema hivyo hivyo, bila kupaza sauti, akarudi kukaa. Kisha mgeni rasmi akapiga makofi. Alidhani ni igizo. Akapiga makofi kwa nguvu, akauliza ni darasa gani limeandaa kipande kile kizuri kinachokemea adhabu za kizamani, na kwa kuwa mgeni rasmi amepiga, watu wote wakapiga, wazazi, walimu na kamati ya shule, watu mia tatu waliokiona kibao kile kwa miaka minne. Mwalimu mkuu naye alisimama akapiga makofi, akitabasamu. Picha ilipigwa. Aliitundika ofisini.

Jumatatu iliyofuata kamati ya shule ilikaa saa nne asubuhi. Niliyonayo kuhusu kikao hicho sikuyapata kwa marehemu, maana yeye hakuyasema. Niliyapata kwa msafishaji, mama wa yule msichana, aliyekuwa akipiga deki ukumbini nje ya mlango ulioachwa wazi. Wanakamati walimwona. Hawakupunguza sauti, kwa sababu hawakumhesabu miongoni mwa watu wanaosikia.

Walimwuliza marehemu ni nani aliyemfundisha mtoto maneno yale. Akasema mpangilio ni wake, maneno ni ya mtoto. Wakasema mtoto atafukuzwa. Akauliza kwa kosa gani. Wakasema kwa kumdhalilisha mkuu wa shule mbele ya mgeni.

"Basi kibao nacho kiitwe kwenye kikao," alisema marehemu.

"Kibao gani?" akauliza mwenyekiti wa kamati ya shule.

Msafishaji anasema kila mmoja mezani alitazama karatasi zake. Walikuwa saba. Watatu kati yao walikuwa walimu, na kibao kilikuwa kimeegemezwa ukutani mkabala na mlango, ambapo yeye alikiona vizuri kutoka pale alipopiga magoti na tambara.

Wakampa marehemu njia. Kama atakiri kwa maandishi kwamba alimchochea mtoto, mtoto atahesabiwa kuwa hakujua alitendalo, naye atabaki shuleni, na mama yake atabaki na ufagio wake. Kama hakiri, wote wawili waende. Walikuwa wameshaichapa barua. Naisoma yote, kwa kuwa ni fupi: "Mimi, mwalimu wa darasa la pili, nakiri kwamba nilimchochea mwanafunzi kumdharau mkuu wa shule. Najuta. Nitapokea adhabu nitakayopewa." Marehemu aliisoma mara mbili, akasema neno "mkuu" limekosewa herufi, akalisahihisha kwa kalamu, akatia sahihi. Kisha akaomba aandikiwe, kwa mkono wa mwenyekiti, kwamba mtoto anabaki. Hakutoka mpaka akaandikiwa. Karatasi hizo mbili zilikaa pamoja kwenye kopo la biskuti hadi siku alipofariki. Ndugu zake mliijua moja tu, na mlitosheka nayo.

Mjomba alikuja nyumbani Jumapili ya wiki hiyo. Alimwambia dada yake kwamba ameutia aibu ukoo, mtu mzima anagombana na wakubwa kwa sababu ya mtoto wa mfagizi.

"Sikugombana, kaka," Mama Mdogo alijibu, akimmiminia chai. "Ningegombana ungesikia nimeshinda."

Mjomba aliinywa chai yote, akaondoka, hakurudi kwa miaka miwili.

Stoo ya vitabu ilikuwa na dirisha moja lenye wavu, magunia ya chaki, vitabu vya jiografia vilivyoliwa na mchwa, na meza yenye miguu mitatu na tofali. Alikaa humo hadi tarehe 30 Juni 2012. Mwezi wa kwanza aliletewa takataka za ofisini azihifadhi, na kibao kikiwemo, maana baada ya makofi ya mgeni rasmi hakuna aliyethubutu kukitumia tena na hakuna aliyetaka kukubali kwamba kimeachwa. Alikitumia kufunikia ndoo ya maji. Karai lilikuwepo pia, na kamba ya kuanikia. Baada ya muda mfupi kila mwalimu mwenye mtoto aliyeshindikana darasani alimwagiza stoo akalete chaki. Mtoto alikaa huko nusu saa, akarudi uso umekauka, bila chaki, na hakuna aliyemwuliza chaki iko wapi. Walimu watatu waliokaa mezani siku ile walikuwa vinara wa kuagiza chaki. Miaka kumi na minne walimtumia marehemu kazi ile ile waliyomfukuzia, na siku ya kustaafu kwake hawakumwandalia hata kikombe cha chai, kwa sababu faili lake lilikuwa na barua.

Mwalimu mkuu alistaafu mapema zaidi, kwa sherehe, akapewa ngao ya maadili. Yuko hapa leo, kiti cha mbele, chenye mto. Ratiba inaonyesha kwamba baada yangu atatoa kumbukumbu za kazini, na nimeiona hotuba yake kwa kuwa ilichapwa pamoja na huu wasifu. Imeandikwa kwamba marehemu alikuwa mtulivu na hakuwa na makuu, na kwamba uongozi ulimlea. Msimzuie. Mpeni kipaza sauti. Naomba tu kwamba safari hii akimaliza, mtu asipige makofi.

Msichana yule alimaliza darasa la saba mwaka 2003. Leo ni mpimaji wa barabara. Aliniambia kwamba kazini husimama mbele ya makandarasi wanaotaka apunguze kina cha msingi kwenye karatasi, na anawaambia hapana, kisha anaendelea kupima. Yuko nyuma pale, na mama yake. Hawakupangiwa viti, wakaleta vyao.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2021. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, kwa muda wa saa nne kila mara, akiwa na sweta na daftari. Wauguzi walimpenda, ila mmoja alizoea kumwita mtoto mzuri, akimpigapiga shavu. Marehemu alimwomba aje karibu, akamwambia anachofanya, kinavyomchukiza, na jina analotaka kuitwa. Muuguzi alienda zake akiwa amevimba. Zamu iliyofuata alirudi akamwamkia shikamoo Mwalimu, na zamu ya tatu alimletea binti yake wa miaka sita, aliyekuwa akiumauma kucha mpaka damu. Tangu Januari mwaka huu hali ilibadilika, miguu ikajaa maji, na tarehe 2 Februari alilazwa. Alifariki Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa tisa alasiri, katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, ambaye ni mama yangu, mimi niliyelelewa naye, wapwa tisa, na wajukuu kumi na wanne, ambao kila mmoja wao aliwahi kungojwa mlangoni. Ameacha pia watoto wasiohesabika waliofua madasta, wengine wakiwa na mvi. Alale salama, na huko aliko asiwepo wa kumwambia anyamaze.

Alhamisi kabla ya kifo chake mjomba alifika wodini. Alimshauri dada yake kwamba akipata nafuu wampeleke kwa mwalimu mkuu mstaafu amwombe radhi kwa mdomo pia, ili mambo yaishe na aende akiwa mwepesi. Mama Mdogo alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika, akamshukuru kwa kuja, akamwomba amsogezee mto. Mimi sikucheka. Nilinyamaza siku tatu, na ile Jumapili, saa saba mchana, nilipokuwa nikimpaka mafuta miguuni, yakanitoka yote. Nilimwambia ninavyomwona mjomba, na mwalimu mkuu, na wale saba wa mezani, na watu mia tatu wa makofi, mmoja mmoja kwa jina. Nilimwapia kwamba siku moja nitasimama nimtetee mbele yao wote mpaka wakose pa kuweka nyuso. Aliniacha nikamaliza. Akaomba maji, akanywa mafunda mawili, akanirudishia kikombe.

"Usinitetee, mwanangu," alisema. "Eleza ilivyokuwa, halafu ukae."